Mwaka wa Kambale Jikoni kwa Mama Tekla

Tekla alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua mchele. Akasema, “Anti, mama amepumzika,” na ungo ukabaki pale barazani mpaka kuku wa jirani wakaja kujihudumia. Nimestaafu, sina wa kumwomba ruhusa, kwa hiyo kesho yake nilikuwa ndani ya basi kutoka Tabora. Nilipofika Mshangano, mtaa wao mjini Songea, mazishi yalikuwa yamepita, lakini matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Wanawake walinipokea vizuri, wakanipeleka sebuleni, ambako picha ya marehemu ilikuwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe na rozari. Niliipa picha heshima yake. Lakini kulia nililia mlangoni pa jiko, kwa sauti, mpaka mama mmoja akanishika mabega, kwa sababu mimi na Mama Tekla hatukuwa watu wa sebuleni. Mwaka ule nilipopanga kwake tuliumalizia wote jikoni, yeye kwenye kigoda chake, mimi kwenye gunia la mahindi, na katikati yetu mabakuli ya mayai ya kambale.

Nani alinizaa na nani alinisomesha, hayo nayaacha, hayana utamu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Majengo, hapo hapo Songea, yalipoanza kujaa vitu ambavyo tulikuwa tumesahau kwamba vipo: sabuni za kunukia, betri za redio, mitumba iliyomwagwa chini juu ya turubai. Kila kitu kiliruhusiwa na kila kitu kilikuwa cha kulipia, masomo yakiwemo. Mimi nilikuwa mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari hapo mjini, mgeni, Mnyamwezi, Mwislamu, msichana mkubwa ambaye mashangazi zake walishaanza kumsema. Chuo kikuu kilinikubali kwa shahada ya pili, ila kikanieleza waziwazi kwamba hakina pa kunilaza wala cha kunilisha. Profesa wangu, mwanamke mkali mwenye sauti ya chini, akaniambia nibaki Songea, nifundishe vipindi vichache, nifanyie utafiti wangu huko huko, maana mabwawa ya kambale yapo kijijini Maposeni na samaki hawajui kama wako Dar es Salaam au wako wapi. Akanipa swali, akanikopesha hadubini yenye taa maalumu, na akanikabidhi kichupa kimoja cha unga alioletewa na mwenzake kutoka nje. “Ukiisha huu, Zainabu, hakuna mwingine,” alisema. “Na chuo hakitakupa mwaka wa pili.”

Swali lenyewe nitalieleza kama nilivyomweleza Mama Tekla siku aliponikodisha chumba, akitaka kujua kwa nini mpangaji wake anakuja na beseni la samaki hai. Ukinywa dawa, mwili haukai nayo milele; una vimeng'enya vyake vya kuivunjavunja na kuitoa. Sisi wakubwa tunavyo, hasa kwenye ini. Je, kiinitete, kitoto kilicho bado ndani ya yai, kinavyo? Kama hakina leo, kinaanza kuwa navyo lini? Yai la kambale lina sifa moja nzuri, unaweza kuona ndani yake. Ule unga wangu wenyewe haukuwaka, lakini kiinitete kikiwa na vimeng'enya kingeuvunja, na kilichobaki kingewaka rangi nyekundu chini ya taa ya hadubini. Kazi yangu ilikuwa kutazama kila umri wa yai na kusubiri wekundu. Mama Tekla alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri kidogo, halafu akauliza, “Na hao wakubwa, baada ya hapo, wanaliwa?”

Waliliwa. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa undugu wetu. Kambale jike ukishamchoma sindano ya kuivisha mayai unamkamua na kumrudisha bwawani akiwa mzima, lakini dume hakamuliki, lazima auawe ndipo upate mbegu zake. Kwa hiyo kila jaribio lilikuwa na marehemu mmoja, mnene, na nyumba ile ilikuwa na tatizo ambalo marehemu huyo alilitatua. Wenyeji wangu walikuwa Wakatoliki, Kwaresima imeingia, hawali nyama Ijumaa. Mimi Mwislamu, nyama ya kuchinjwa na mtu nisiyemjua siigusi. Samaki hana shida ya mchinjaji wala ya Kwaresima. Mama Tekla akapanga ratiba ya sayansi yangu bila kuniuliza: majaribio yatafanyika Ijumaa. “Mwalimu, wewe kamua mayai yako asubuhi,” alisema, “mimi huyu baba yao nimwandae na majani ya maboga.” Mpaka leo, nikisikia harufu ya kambale wa kukausha juu ya moto akiungwa kwa karanga, namwona Baba Tekla akinawa mikono na kuuliza, “Leo tunakula mzee wa familia ipi?”

Baba Tekla alikuwa karani wa ushirika kabla hawajampunguza kazini. Mwaka ule alikuwa akiuza mitumba Majengo, na alirudi jioni na habari za mji mzima mfukoni. Nilizipenda jioni zile. Tekla, aliyekuwa darasa la nne, alifanya hesabu zake sakafuni kwa mkaa, baba yake akamwambia mkewe nani kafungua duka la dawa, nani kaleta lori la chumvi, nani anasema vyama vikija vingi kahawa itapanda. Mama Tekla alijibu huku akipuliza moto. Mambo mengine walisemezana kwa Kingoni, ambacho nilikuwa nimeanza kukisikia, nami nikajifanya natazama mayai. Ndivyo nilivyosikia, kwa vipande, habari za watoto wawili waliomtangulia Tekla. Mmoja alizaliwa amekufa, mwingine aliishi siku chache tu, akabatizwa haraka na bibi yake. Wote walizikwa Maposeni, nyumbani kwa wakwe. Hakuna aliyewahi kunieleza rasmi, na mimi sikuuliza.

Kwa nini jikoni? Watu wasioijua Songea hudhani Tanzania yote ni joto. Mayai ya kambale yanataka maji ya uvuguvugu, na maabara ya shule ilikuwa na sakafu ya saruji na madirisha mawili yasiyo na vioo. Jaribio langu la kwanza lilikufa huko lote, mayai yakageuka meupe. Nilirudi nyumbani nimenuna. Mama Tekla akachukua bakuli, akaliweka jikoni, pembeni ya mafiga, mahali alipozoea kuweka unga uumuke. “Hapa hata kifaranga kimekua,” akasema. Na kweli yalikua. Jiko lilikuwa kibanda nyuma ya nyumba, paa la nyasi lililogeuka jeusi kwa miaka ya moshi, mlango mmoja, hakuna dirisha. Pembeni kulikuwa na mtungi mkubwa wa maji ulioshinda wazi karibu na moto, na mimi nilichota humo kwa sababu maji yake yalikuwa na joto lile lile la mayai. Jioni umeme ukija, nilifunga mabakuli kwa khanga ndani ya kikapu, nikayabeba hadi shuleni, nikayatazama chini ya taa.

Yakawaka. Nakumbuka nilivyoondoa jicho kwenye hadubini nikalirudisha, kwa sababu nilidhani nimeona taa ya nje. Kiinitete kichanga kabisa, kisicho na jicho wala mkia wa maana, na ndani yake wekundu mdogo unaong'aa. Hakuna kitabu nilichosoma kilichosema ungeonekana mapema hivyo. Nilikimbia posta asubuhi yake, nikapanga foleni ya simu na watu waliotaka kusalimia wanao, nikampigia Profesa. “Mapema mno,” alisema. “Rudia.” Nikarudia. Yakawaka. Nikarudia tena, yakawaka zaidi, hata bakuli la mayai machanga zaidi, ambalo nililitazamia liwe giza. “Mapema mno,” alisema tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayeniona nikipotea. “Kuna kitu kinawachokoza hao samaki wako. Ukileta majibu haya hapa watakucheka, na mimi nitakuwa nao.” Unga ulikuwa umepungua kupita nusu ya kichupa. Nilitoka posta nikapita katikati ya kelele za Majengo bila kununua hata kiberiti, nikijiona tayari niko darasani hadi uzee, nikichora amiba ubaoni.

Kipupwe kikaingia, ile baridi ya Songea inayofanya watu watembee wamejikunyata na vitenge viwili. Ndipo mjomba wa Baba Tekla akafariki Maposeni, nyumba nzima ikaondoka kwenda msibani. Mama Tekla, kwa mazoea, alifunga jiko kwa kufuli na kuondoka na ufunguo ameufundika kwenye pindo la khanga yake. Hakukumbuka kwamba ndani hamna sufuria tu, mna na maabara yangu. Mimi nilikuwa nimeshamchoma jike sindano, mayai hayasubiri msiba. Nilisema maneno ambayo mwalimu hasemi. Kisha nikateka maji kisimani kwa jirani, nikaweka mayai chumbani kwangu ndani ya sanduku la mbao, nikayazungushia chupa za maji ya moto niliyochemshiwa kwenye jiko la shule, nikayafunika blanketi langu mwenyewe na mimi nikalala na sweta. Yaliishi. Jioni nikayapeleka chini ya taa. Giza. Umri ule ule, unga ule ule, giza tupu. Nilidhani unga umeharibika, nikakaa kwenye stuli ya maabara nikalia kama mtoto. Lakini mayai yalipokaribia kuanguliwa, wekundu ukatokea, pole pole, mahali pake, katika umri ambao vitabu vingekubali.

Waliporudi, Mama Tekla alifungua kufuli, akaona pale pembeni ya mafiga patupu, akajishika kichwa. “Yesu na Maria! Mwalimu, nimekuua!” Nikamwambia bado sijui kama ameniua au ameniokoa. Ijumaa iliyofuata niligawa mayai ya mama mmoja mafungu mawili. Moja nikalitia maji ya mtungi wa jikoni, jingine maji ya kisima, ambacho ndicho kilichojaza mtungi, yote nikayatunza chumbani kwangu ndani ya sanduku moja. Unga uliobaki ulitosha mara hiyo na labda mara nyingine moja. Sikumweleza mtu, nilikuwa naogopa hata kujieleza mwenyewe. Jioni nikayaweka chini ya taa, la kisima kwanza: giza. La mtungi: likawaka.

Nililijua jibu kabla sijafunga hadubini. Ule mtungi ulikuwa wazi chini ya paa lenye masizi ya miaka, na masizi yalikuwa yakidondoka humo kila siku, na moshi ukikaa juu ya maji yale asubuhi mpaka jioni. Vimeng'enya vya mwili vina tabia ya kuamka vinapochokozwa. Watoto wangu wa kambale hawakuwa na uwezo wa ajabu. Walikuwa wameamshwa kabla ya wakati wao na moshi wa jiko, wakaanza kupambana nao kabla hata hawajaota macho. Na hilo lilikuwa jibu bora kuliko swali nililotumwa nalo. Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia, kikapu kikipiga kiunoni. Walikuwa wamekaa kula, sahani ya kambale iko katikati, Baba Tekla ameshika tonge.

“Ni moshi!” nilisema, hata hodi sijapiga. “Mama Tekla, ni moshi wa jiko lako! Ni masizi! Vitoto vimo ndani ya yai na vinaujua moshi!” Nikawaeleza haraka haraka, nikachekacheka, nikamshika Tekla nikamzungusha. Baba Tekla akapiga makofi, akasema sasa jiko lake litaingia kwenye vitabu vya Wazungu. Mama Tekla alikuwa hacheki. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake pembeni ya moto, mahali alipokaa siku zote, mahali alipokaa na mimba zote. Akatazama juu, kwenye paa, kisha akanitazama mimi.

“Na wangu?” akauliza.

Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo, nimeulizwa maswali na watu wenye majoho, na hakuna swali zito kama lile. Baba Tekla aliweka tonge chini. Niliona nikisema ndiyo nitamtwisha mzigo ambao sina ushahidi wa kumtwisha, na nikisema hapana nitakuwa nimemdanganya mtu aliyenipa jiko lake. Nikajibu, “Mama, sijui. Samaki siyo mtu. Yule yumo kwenye maji yenyewe, wako alikuwa ndani yako. Hili la watu, hatujui bado.”

“Hamjui,” alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anahakikisha amesikia sawasawa. Akachukua mwiko, akanipakulia, akanichagulia kipande cha mgongoni kisicho na miiba. “Basi. Mpaka mjue.”

Hakuligusa tena jambo lile. Mimi nilitumia unga wa mwisho kurudia jaribio, likajibu vile vile, na Profesa alipopata habari kwenye simu alicheka kwa sauti ya juu kwa mara ya kwanza na ya mwisho nikimsikia. Nilipewa shahada yangu. Nilihamishwa, nikaolewa, nikafiwa, nikaendelea. Tuliandikiana, halafu zikaja simu za mkononi tukawa tunapigiana sikukuu, yeye Idi ananipigia, mimi Krismasi. Aliniambia habari za mvua, mahindi, ndoa ya Tekla, kifo cha Baba Tekla. Jiko hakulitaja. Katika miaka hiyo yote nilijiuliza kama furaha yangu ya jioni ile ilimwachia jeraha, nami nikaogopa kuuliza. Naona sasa ulikuwa woga wa kijinga, lakini ndio niliokuwa nao.

Siku ya kuanua matanga nilikuwa jikoni na wanawake, au tuseme mlangoni, na sasa bila machozi nikaona jiko si lile nililolijua. Paa ni la bati, upande mmoja wa ukuta haupo kabisa, na mtungi umehamia barazani, una mfuniko. Nje, mbali kidogo, karibu na ukuta wa nyumba, alikaa Agnesi, binti wa Tekla, mimba imeshakuwa kubwa, anamenya vitunguu kwa uvivu. Nikamwambia asogee kwetu kwenye maongezi. Wanawake wote wakapiga kelele kwa pamoja.

“Haruhusiwi!” alisema jirani mmoja akicheka. “Huujui mwiko wa Mama Tekla? Mwenye mimba haingii jikoni kwake. Mimi mwenyewe alinifukuza na mwiko wa ugali mkononi, nimekuja kuomba moto tu. Nikamnunia mwezi mzima, nikajua ananichukia. Halafu jioni akaniletea chakula mpaka kitandani.”

“Mtaa mzima huu,” mwingine akaongeza. “Ukishika mimba tu, Mama Tekla anakuja kupika kwako, au anamtuma Tekla. Wewe kaa nje. Sasa tumezoea, hata majumbani kwetu ni hivyo hivyo.”

Tekla alikuwa akikoroga sufuria, jasho linamtoka. Sasa ni mtu mzima, ana mikono ya mama yake. Akasema, “Anti, wewe uliishi naye. Sisi tumeuliza kwa wajomba, kwa mashangazi, kote Maposeni, hakuna ukoo wenye mwiko huu. Ukimuuliza mama sababu, alikuwa na jibu moja tu. Anasema, ‘Mpaka wajue.’ Wajue kina nani? Sisi tulidhani ni mizimu.”

Nilijifuta macho kwa pindo la khanga. Wanawake wakadhani ni msiba umenirudia, wakanipisha nitoke, na kweli ulikuwa msiba, ila ulikuwa na furaha ndani yake ambayo nisingeweza kuieleza pale. Nilichukua kigoda nikaenda kukaa karibu na Agnesi. Nikamwambia, “Nilikuwepo siku mwiko huo ulipozaliwa. Nitakusimulia. Unaanzia kwa kambale.” Akacheka, akidhani namtania, akanipa kisu na nusu ya vitunguu. Nikaanza kumsimulia. Sijafika mbali, upepo ukageuka, moshi wa jiko ukatufuata pale ukutani. Nikamshika mkono, akainuka taratibu, tukahamisha vigoda vyetu.